Ndugu zetu mlioko nchi za theluji, tokeni nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watu wa aina mbili: vijana wanaojiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi nchi za baridi, na ndugu zangu ambao tayari wako huku lakini kuanzia Novemba hadi Machi hawaonekani nje ila wakikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Mimi ni mwanamke mzaliwa wa Marangu, mkoani Kilimanjaro. Ninaishi Concord, makao makuu ya jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea.

Kijana anayekuja huku hupewa ushauri uleule na kila mtu. Nunua koti zito, usitoke nje bila sababu, theluji inaua. Shangazi anasema hivyo, mchungaji anasema hivyo, na sisi tuliotangulia tunausindikiza kwa picha za magari yaliyofukiwa. Ni ushauri wa upendo, siubezi. Lakini unamfungia mtu ndani karibu nusu mwaka, na nimeona kinachompata. Namfahamu mwanamume wa Kigoma ambaye Oktoba alikuwa akipikia pilau nyumba nzima. Ilipofika Februari alikuwa hafungui hata pazia. Sababu zilikuwa nyingi: zamu za usiku, upweke, nauli ya kwenda kumzika mama aliyoikosa. Giza nalo lilikuwa mojawapo. Huku Desemba jua linazama saa kumi na robo jioni. Anayetoka zamu asubuhi, akalala hadi saa tisa alasiri, siku yake imeshakwisha kabla hajanywa chai.

Ndiyo maana nataka kueleza Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Februari, tulipokwenda kutembea msituni kwa viatu vya theluji. Tulikuwa wanne: mimi, mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anayefanya usafi hotelini, mwanawe wa kidato cha tatu, na jirani yangu Mmarekani, mwalimu mstaafu mwenye zaidi ya miaka 70, ambaye ndiye aliyenifundisha mambo haya.

Viatu vya theluji siyo buti. Ni vibao vipana, siku hizi vya plastiki ngumu au fremu ya alumini, urefu sentimita 60 na ushei, upana karibu 20, na unavifunga kwa mikanda chini ya buti zako. Kazi yake ni kuutandaza uzito wako ili mguu usizame. Bila hivyo, mtu mzima kwenye theluji laini ya kina cha mita moja huzama hadi mapajani, na kila hatua anaanza kujichomoa upya. Kisigino hakifungwi, kinainuka unapotembea, na chini ya vidole kuna meno ya chuma yanayoshika barafu kwenye mteremko. Skii zinahitaji mwalimu na siku nyingi za kuanguka. Viatu hivi vinahitaji uachanishe miguu kidogo usijikanyage, na usirudi kinyumenyume. Basi, hapo umeshajua.

Tuliondoka Concord asubuhi, tukashika barabara kuu ya kaskazini zaidi ya saa moja, mpaka milima ya White Mountains ikatubana pande zote mbili mahali panapoitwa Franconia Notch. Hapo barabara kuu yenyewe inapungua na kubaki njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa sababu bonde ni jembamba. Juu ya genge lake palikuwa na miamba iliyojipanga ikafanana na uso wa mzee ukitazamwa kutoka upande, na sura hiyo iko mpaka leo kwenye vibao vya barabara za jimbo. Ilianguka tarehe 3 Mei 2003. Mwalimu bado huinua macho pale kila tukipita.

Tulianzia Lafayette Place kwenda ziwa linaloitwa Lonesome Lake. Ni kama kilomita mbili za kupanda, na kimo kinaongezeka mita zipatazo 300, yaani safari ambayo mtu yeyote aliyezoea kwenda sokoni kwa miguu anaiweza. Baridi ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Tulivuka daraja la mto Pemigewasset. Juu ulikuwa umeganda, chini maji yalikuwa yakienda na tuliyasikia. Usiku ilikuwa imeanguka theluji mpya, nasi tulikuwa wa kwanza kupita.

Kupita wa kwanza ni kazi. Anayetangulia ndiye anayeikandamiza theluji, na wa nyuma wanapita kwenye njia aliyoifungua. Kwa hiyo mnapokezana: wa mbele akichoka anasogea pembeni, anawapisha wote, anashika mkia. Mwalimu pamoja na umri wake alichukua zamu, nami nikachukua. Kijana mwanzoni alikuwa ameinama kwenye simu yake, akiitikia kwa shingo upande. Zamu yake ilipofika aliingia mbele, na tangu hapo hatukuweza kumrudisha nyuma. Kwenye simu ya mama yake ipo picha aliyopigwa dakika ile, theluji imemfika magotini ingawa amevaa viatu vile, ameinua mikono. Mama yake aliituma Bukavu siku ileile.

Hapa nitaje njia ya wagumu. Baba yangu mdogo alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, njia ya Marangu, kutoka getini hadi vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Siku hizi kanuni inasema mzigo wa mgumu usizidi kilo 20. Yeye alisema ujanani mwake mizani hakuiona. Nilipokuwa msichana nilimsikia akiwaelekeza vijana waliokuwa wanaanza kazi. Usikubali kutoka jasho kwenye baridi, alisema. Vua sweta kabla hujapata joto, siyo baada. Beba fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Kula kabla hujasikia njaa. Ukisimama, vaa kwanza, maongezi baadaye. Watalii wamelipeleka neno pole pole dunia nzima wakidhani ni salamu ya mlimani. Kwa mgumu ni hesabu: mwendo unaokufikisha ukiwa mkavu.

Yote hayo ndiyo yanayofundishwa hapa New Hampshire. Mwalimu alipotusimamisha baada ya dakika kumi tu za kupanda na kutuambia tuvue nguo moja, mama wa Bukavu alishangaa: kuvua, kwenye baridi hii? Nikamweleza maneno ya baba mdogo, akavua. Jasho ndilo adui. Linalowesha nguo ya ndani, ukisimama linapoa, na mwili unaanza kupoteza joto kwa kasi kuliko unavyolitengeneza. Ndiyo maana jinzi na fulana za pamba hazifai hata kidogo. Pamba ikilowa inabaki imelowa na inakunyonya joto. Sufu hata ikilowa bado inakutunza. Nguo tatu nyembamba za sufu au nailoni, na koti la kuzuia upepo juu yake, zinashinda lile koti zito moja ambalo shangazi anakuhimiza ununue, kwa sababu unaweza kuzivua moja moja.

Msitu wenyewe ni wa misonobari ya aina mbalimbali na miti yenye gome jeupe linalobanduka kwa tabaka nyembamba. Abenaki, wenyeji wa asili wa nchi hii, walitengenezea gome hilo mitumbwi. Matawi ya misonobari yalikuwa yameinama kwa uzito, na kila mara moja lilijitua mzigo, theluji ikashuka kwa vumbi lililometameta. Tuliona nyayo za sungura wa theluji. Mnyama huyo ni wa kahawia wakati wa kiangazi na mweupe wakati wa baridi, na nyayo zake za nyuma ni pana mno kwa umbo lake. Amezaliwa na viatu vyetu. Mwalimu alimwonyesha kijana kwamba alama mbili kubwa zilizo mbele ni za miguu ya nyuma, kwa sababu sungura akiruka miguu ya nyuma inapita ya mbele na kutua mbele yake, upande wa anakokwenda. Kuanzia hapo kijana aliijua kila alama mwelekeo wake. Kuna pia ndege wadogo wenye utosi mweusi ambao hawahami baridi ikija. Walitufuata tawi kwa tawi.

Kisha miti ikaachia, tukatoka ziwani. Ziwa limeganda na kufunikwa, uwanja mweupe mtupu, na nyuma yetu, ng'ambo ya bonde tulilotoka, safu ya milima ya Franconia: mlima Lafayette wenye mita 1,600, mlima Lincoln pembeni yake, vilele vyao vikiwa juu ya mwisho wa miti. Mama wa Bukavu alivua kofia kabisa, akasimama jua linampiga usoni. "Dada," akaniambia, "tangu nifike huku siyaonaka mwangaza ya namna hii." Huyu ni mtu ambaye kila siku huingia hotelini giza likiwepo na kutoka giza limerudi.

Tulikatiza juu ya barafu kwa sababu ilikuwa Februari, wengi walikwisha pita siku za nyuma, na mwalimu alijiridhisha nayo. Ingekuwa mwanzo wa Desemba tungezunguka kando ya ziwa. Upande wa pili kuna nyumba ya wapanda milima ya Appalachian Mountain Club, chama kilichoanzishwa Boston mwaka 1876. Wakati wa baridi yupo mwangalizi tu, mgeni anajipikia mwenyewe. Tulikula chapati zetu, ambazo zilikuja zimekaa ndani ya koti zisigande, na chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai. Chupa za maji tulizibeba zikiwa zimepinduliwa, kifuniko chini. Maji huanza kuganda juu, hivyo kifuniko kikiwa chini hakigandi ukashindwa kufungua.

Nijuavyo, wengine watasema hii ni michezo ya Wazungu. Wamekosea kuanzia kwenye kiatu chenyewe. Muda mrefu kabla meli ya Ulaya haijafika pwani hizi, Abenaki na mataifa mengine ya wenyeji wa Amerika Kaskazini walikuwa wakiwinda na kusafiri kwa viatu hivi. Mwalimu anayo jozi ya zamani ameitundika sebuleni: mti uliopindwa kwa mvuke, katikati umesukwa kwa kamba za ngozi mbichi, ukiitazama haraka utadhani kitanda cha kamba kilichopunguzwa. Ni chombo cha kazi cha watu waliokuwa na chakula cha kutafuta na watoto wa kulisha. Walowezi walijifunza kwao.

Nasi theluji siyo ngeni kwetu kiasi hicho. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kwetu kwa kuwaongoza wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo mwaka 1889. Miaka 41 kabla yake, mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wako wasomi London waliomkatalia. Wachaga hawakuhitaji kubishana na mtu. Nilikulia chini ya theluji ile, nikiiona kila asubuhi mawingu yakifunguka, na inaniuma kwamba watoto wa Marangu wa leo wanaona kidogo sana. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2011. Mtoto wa mlima ule akija New Hampshire akaambiwa theluji siyo mahali pake, anadanganywa.

Sasa hatari, maana sitaki mtu atoke nje kwa barua yangu kisha aumie. Kilele cha Mount Washington, mlima mrefu kuliko yote kaskazini-mashariki mwa Marekani, kina mita 1,917, yaani kinakaribiana na geti la Marangu ambako watalii wanaanza kupanda wakiwa na fulana. Lakini tarehe 12 Aprili 1934 watu wa kituo cha hali ya hewa pale juu walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Watu wamekufa kwenye mlima ule hata miezi ya joto. Mlima mfupi huku hauna huruma ya mlima mfupi kwetu. Kwa hiyo mgeni abaki chini, ndani ya msitu, ambako miti inakata upepo. Kileleni hakuna deni lako lolote.

Angalia utabiri usiku wa kuamkia safari na asubuhi yake. Mwachie mtu ujumbe unakwenda njia gani na utarudi saa ngapi. Panga saa ya kugeuka kabla hujaondoka, na ikifika geuka hata kama ziwa liko karibu. Sisi tulikubaliana saa saba na nusu mchana. Beba tochi ya kichwani hata kama unaondoka asubuhi, na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi inaua betri. Kwenye theluji nyingi usisogelee shina la msonobari, kwani chini ya matawi yake hubaki shimo lililofunikwa juu juu, unatumbukia hadi kifuani. Miwani ya jua ni lazima. Kikundi kiende kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa.

Na usiende kwa buti tupu ukidhani utajibana. Kila hatua inaacha shimo, usiku shimo linaganda, na kesho yake mwingine anavunjika mguu humo. Kwenye milima mirefu ya Adirondack, jimbo la New York, ni kanuni: theluji ikifika kina cha sentimita 20, lazima uwe na viatu vya theluji au skii. Hapa kwetu hakuna kanuni hiyo, lakini wenyeji wanakuangalia, na wana haki.

Wanaouliza habari za afya niwajibu kwa ukweli. Jua la Januari huku liko chini mno angani, ngozi haitengenezi vitamini D ya maana, na ngozi nyeusi hata kwenye jua kali huhitaji muda zaidi. Hilo muulize daktari wako, mara nyingi jibu ni vidonge. Unachokipata nje ni mwanga. Hata siku ya mawingu mwanga wa nje unazidi wa taa za sebuleni mara nyingi, na theluji inaurudisha kwako kutoka chini. Huzuni ya majira ya baridi ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, una jina na una tiba, na aliyezidiwa asiachiwe matembezi peke yake, apelekwe hospitali. Lakini kwa wengi wetu ambao hatujafika huko, siku moja msituni pamoja na watu inafanya kazi ambayo simu na televisheni hazijaweza. Mama wa Bukavu alisinzia garini wakati wa kurudi, akaniambia baadaye kwamba usiku ule alilala mpaka asubuhi bila kuamka, jambo alilokuwa amelisahau.

Fedha isiwe kizingiti. Buti za kazini zisizopitisha maji zinatosha. Nguo za sufu zipo kwenye maduka ya mitumba kwa dola chache, na mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa kuchagua mitumba. Viatu vyenyewe hukodishwa kwa siku kwenye maduka ya michezo. Na hili wengi hawalijui: baadhi ya maktaba za umma huku New England, yaani majimbo haya ya kaskazini-mashariki, huazimisha viatu vya theluji bure, kwa kadi ileile ya vitabu. Kijana wa Bukavu alipata vyake hivyo. Jimbo la New Hampshire lina pia kadi ya dola 25 kwa mwaka inayochangia gharama za uokoaji msituni. Mimi ninayo, kwa sababu wanaokuja kukutafuta usiku ni watu wenye familia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mnapoandika kurasa za wanafunzi wanaokwenda ng'ambo, pamoja na visa na ada muweke nusu ukurasa wa namna ya kuishi na majira ya baridi, na mmwombe mgumu mmoja mzoefu wa Marangu au Machame aandike sehemu ya mavazi. Anajua kuliko sisi tulioko huku. Mawakala wanaowafanyia vijana semina kabla ya safari nao watenge saa moja ya jambo hili. Vijana wanalipia semina hizo.

Na ndugu mlioko Concord, Manchester, Burlington, Portland au Lewiston: theluji kwa kawaida inashika vizuri kuanzia Januari hadi katikati ya Machi. Ulizeni maktaba ya mji wenu mapema katika wiki, Jumanne au Jumatano, kwa sababu ikifika Ijumaa jioni viatu huwa vimeshachukuliwa vyote.

Wako msomaji,
Mzaliwa wa Marangu,
Concord, New Hampshire, Marekani